Naomba ushauri: kiendelezi changu kinafanya kazi ninapokitengeneza, lakini kikishafungashwa kinakataa

Mwalimu_Mbale

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mbale. Ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari, na kwa miezi minne sasa, kila jioni, nimekuwa nikiandika kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha Visual Studio Code, kihariri cha kuandikia programu, ili kikague tahajia ya Kiswahili, kwa kuwa wanafunzi wangu huandika maelezo ya programu zao kwa lugha hii na hawana chombo cha kuwaonyesha walipokosea. Nikibonyeza F5 kwenye kompyuta yangu ya Windows, dirisha la majaribio hufunguka, nami nikiandika «balua» neno hilo hupigiwa mstari papo hapo na kupendekezewa «barua».

Shida imeanza nilipokifungasha. Amri ya package ya vsce, zana ya kufungasha viendelezi, ilinipa faili ya .vsix (kifurushi cha kusakinisha) bila kulalamika, nikaibeba kwa flashi hadi maabara ya shule, ambako mashine ni za Ubuntu na hazina intaneti. Kiliingia vizuri, lakini kila nikiita amri ya kukagua ninaambiwa kwamba haipatikani. Isitoshe, tokeni (msimbo wa siri) ya kukichapishia kwenye Marketplace, ghala la viendelezi la Microsoft, imekataliwa mara mbili. Niliwaahidi wanafunzi kwamba watakitumia muhula huu, na sipendi kuivunja ahadi hiyo. Naomba mwongozo.

Fundi_Jinja

Mwalimu, pole na hongera. Amri isipopatikana, mara nyingi maana yake ni kwamba kiendelezi kilianguka kabla hakijasajili amri zake, kwa hiyo usiitafute kasoro kwenye amri yenyewe. F5 hukiendesha moja kwa moja kutoka kwenye folda yako, ambamo kila kitu kipo, ilhali .vsix hubeba kile tu ambacho vsce imeruhusiwa kubeba. Moduli (vipande vya msimbo unavyovitegemea) zilizoandikwa chini ya «devDependencies», yaani za wakati wa kutengeneza tu, katika package.json, faili ya maelezo ya kiendelezi, haziingii kwenye kifurushi, na chochote kilichotajwa katika .vscodeignore huachwa nje. Andika vsce ls upate orodha ya faili zitakazofungwa, kisha uitafute kamusi yako humo. Faili ya .vsix yenyewe ni zip, kwa hiyo unaweza pia kuifungua na kuichungulia.

Tena, umetoka Windows ukaenda Ubuntu. Windows kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, lakini Ubuntu inajali. Kama umeandika ./Kamusi na faili inaitwa kamusi.js, kwako itasomeka na shuleni haitasomeka.

Nakawa_Kodi

Naunga mkono maneno ya Fundi, ila nami nina neno kuhusu majaribio. Zana rasmi, @vscode/test-cli, hupakua nakala nzima ya kihariri, zaidi ya megabaiti 100, na usipotaja toleo moja katika mipangilio yake itapakua upya kila toleo jipya linapotoka. Kwa sisi tunaonunua bando, hiyo ni gharama. Bora zaidi, tenga sehemu inayokagua maneno katika faili isiyogusa kihariri hata kidogo, uijaribu kwa Mocha, zana ya majaribio ya JavaScript, peke yake. Kiswahili kinadai majaribio mengi ya namna hiyo, kwani neno kama «hatukuwaambia» huwezi kulitegemea kuwa katika orodha. Ni lazima viambishi vivuliwe kimoja kimoja mpaka ufike kwenye mzizi, na humo ndimo makosa hujificha.

Jaribio ambalo mimi siliruki kamwe ni la kusakinisha .vsix mahali safi. Huhitaji kompyuta ya pili: anzisha kihariri ukielekeza --user-data-dir na --extensions-dir kwenye folda tupu.

Mwalimu_Mbale

Nawashukuru sana. Kamusi ilikuwamo kwenye orodha, ila moduli moja ilikuwa chini ya «devDependencies». Nilipoihamisha kikaanguka tena shuleni, safari hii kwa sababu ya K kubwa, kama Fundi alivyosema. Sasa kinakagua kwenye mashine zote za maabara. Imebaki tokeni.

Fundi_Jinja

Tokeni hutolewa na Azure DevOps, huduma ya Microsoft, na ni lazima iwe na ruhusa ya kusimamia Marketplace. Ukiifungia kwenye shirika moja tu, itakataliwa. Hata hivyo, kwa toleo la kwanza nakushauri uiache kabisa: ingia kwenye ukurasa wa mchapishaji wa Marketplace na upakie .vsix kwa mkono. Kitambulisho cha mchapishaji kichague kwa utulivu, maana hakibadilishiki baadaye. Ikoni iwe PNG ya pikseli 128 kwa 128 au zaidi, kwa sababu SVG haikubaliwi. Wanaotumia VSCodium, toleo huria la kihariri hiki, hawatakiona huko, kwa hiyo kipeleke pia Open VSX, ghala linalosimamiwa na Eclipse Foundation.

Na utakapotoa toleo la pili, usiipandishe namba ya engines.vscode (toleo la chini la kihariri ambalo kiendelezi kinalihitaji) bila sababu, kwani kihariri cha maabara isiyo na intaneti hakijisasishi chenyewe, na kikiwa cha zamani kuliko namba hiyo kitakikataa kiendelezi chako.