Sosi ya nanasi na mtindi imekuwa chungu, kosa langu nini?

Binti wa Wete:
Asalaam aleikum. Ijumaa wakwe zangu wanakuja kutoka Unguja, na mie nishajigamba kuwa saladi yangu nitaitilia sosi ya matunda, si mayonezi ya chupa. Jana nikajaribu. Nusu nanasi, kikombe cha mtindi, mafuta ya alizeti vijiko viwili, ndimu, chumvi na pilipili manga, nikasaga vyote pamoja. Kuonja palepale, tamu kweli. Nikatia kwenye friji, nikasali alasiri, nikapita kwa jirani (mambo yetu mnayajua), magharibi nikaonja tena: shubiri! Si ukali wa ndimu, uchungu hasa, tena sosi imekuwa majimaji, mafuta yanaelea. Mume wangu kasema mtindi uliharibika. Uliobaki nimeunywa mwenyewe, mzima. Sasa kosa nini?

Mpishi wa Shangani:
Wa aleikum salaam dada. Mtindi umeonewa, mwenye kosa nanasi. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kazi yake kuvunja protini. Ukilichanganya na mtindi bila kulipika, linaukatakata taratibu, na vile vipande vya protini ndivyo vichungu. Ndiyo maana mwanzo hukuona kitu. Papai nalo lina chake, si ndilo tunalopaka nyama ngumu ilainike? Nanasi lisage peke yake, lichemshe dakika tano, liache lipoe kabisa, ndipo utie mtindi. La kopo lishapikwa, halina matata.

Somo wa Makunduchi:
Mwanangu, kwani lazima mtindi? Mie natumia pasheni nne, nachuja mbegu, natia asali kijiko kimoja, haradali nusu kijiko cha chai, na chembe moja ya thomu niliyoiponda na chumvi. Kisha mafuta kidogo kidogo, mkono haupumziki. Ukiyamwaga kwa pamoja yatakukimbia, hiyo haradali ndiyo inayoyashika. Na usije ukatia mafuta ya nazi, kwenye friji yanaganda utadhani mshumaa. Tungule na matango yakate mwisho, sosi uitie mezani, la sivyo wakwe watakula supu.

Mpishi wa Shangani:
Hapo kwenye tungule bi mkubwa kasema kweli. Yakishaona chumvi tu yanatoa maji.

Binti wa Wete:
Ahsanteni sana. Leo nimechemsha nanasi, nimetia mtindi saa tatu asubuhi, nimeonja saa kumi: hakuna uchungu! Ila harufu ya nanasi imepungua, nimeongeza ndimu. Ya pasheni nayo nimefanya, lakini siwezi kuwaambia kama inalala vizuri kwenye friji, maana mume wangu kaimaliza yote kwa mkate wa mofa. Bakuli kalipangusa kwa kidole.

Somo wa Makunduchi:
Basi Ijumaa fanya ya pasheni, pasheni nane.