Seddon Pennine RU au Bristol RE: ipi ya kufufua?

Msukani: Wakuu, mabasi haya mawili ya zamani ya Uingereza yana injini ya Gardner 6HLX nyuma: lita 10.45, nguvu farasi 150 kwa mizunguko 1,700 kwa dakika. Kwa nini RE inasifiwa na RU inasemwa vibaya?

DifuKuu: Injini haina kosa, mkuu. Tazama giaboksi ilipokaa. Kwenye RU imeshikana na injini nyuma ya ekseli, kwa hiyo propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli) ni fupi mno. Ekseli ikipanda kidogo tu, pembe ya krosi (viungo vya kujipinda kwenye ncha za propela) inabadilika sana. Krosi zinakwisha mapema na mtetemo unaingia kwenye difu (gia za ndani ya ekseli). Kwenye RE giaboksi iko mbele ya ekseli. Shafti ya injini inaivuka ekseli mpaka kwenye giaboksi, halafu propela inarudi nyuma kwenye difu ikiwa na urefu wa kutosha. Uzito nao unagawanyika vizuri zaidi.

Oldham74: Crosville, kampuni ya mabasi ya Chester, ilichukua RU 100 zenye bodi za Pennine kwa sababu RE hazikupatikana za kutosha. Kwenye namba zao, SPG ni Seddon na SRG ni RE. RU zote zilizotoka kiwanda cha Seddon, Oldham, 1969 hadi 1974, hazifiki 300. RE zinapita 4,600, na Ireland Kaskazini waliendelea kuzipokea mpaka miaka ya 1980. Spea za Gardner utapata kwa yoyote. Vipuri vya chesisi ya RU ndivyo vitakutoa jasho.

V6Moshi: Afadhali RU kuliko basi la Daimler Roadliner lenye injini ya Cummins V6-200. Waulizeni waliokuwa PMT, kampuni ya mabasi ya Stoke-on-Trent.

DifuKuu: Ukienda kukagua RU, weka vizuizi vya magurudumu, gia huru, basi likiwa limekalia uzito wake. Ukiinua na ekseli ikaning'inia, pembe unayopima ni ya uongo. Tikisa propela kwa mkono: krosi ikicheza hata kidogo, badilisha zote mbili. Pembe za ncha mbili zilingane, la sivyo mtetemo unarudi hata krosi zikiwa mpya. Na kama gia ni nusu-otomatiki, vua propela kabla ya kulivuta. Injini ikizimwa, pampu ya mafuta ya giaboksi haifanyi kazi.

Msukani: Basi RE.

Oldham74: RE zilizotunzwa ni nyingi. Mwenye karakana na subira achukue RU, kabla haijaishia kwenye chuma chakavu.

DifuKuu: Na krosi za akiba, mkuu. Nne, si mbili.