Seva ya mtumba ya ofisi kuweka nyumbani Kisumu, inafaa kweli?

kondele_juu:
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa Nairobi anauza Dell PowerEdge R720 iliyotoka kwa ofisi iliyobadilisha mashini zake, prosesa mbili za Xeon E5-2650 v2, RAM 64, diski nane za SAS (aina ya seva) za GB 300, anataka 40k na anasema ataituma na basi mpaka Kisumu. Mimi najifunza mambo ya netiweki na seva, nataka niweke Proxmox ndani, ile programu ya kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya mashini moja, nifungue Windows Server moja na Linux mbili tatu nifanye mazoezi, halafu pia picha na video za familia zikae mahali pamoja maana simu za watu wa hapa nyumbani zimejaa zote. Nyumba ni ya vyumba viwili na kuna mtoto mdogo. Nauliza hii kitu inafaa nyumbani ama ni ya ofisi tu, na stima itakula ngapi? Na mnajua vile huku stima hupotea mvua ikianza.

section58_nax:
Boss kabla hujatuma pesa piga hesabu ya tokeni. R720 ya prosesa mbili hata ikikaa tu bila kazi inavuta wati 100 mpaka 150 hivi, inategemea diski na RAM. Chukua 120, mara masaa 24, mara siku 30, hiyo ni unit 86 kwa mwezi. Ukiweka unit kwa shilingi 30 hivi na kodi ndani, unaongea kama 2,500 kila mwezi, kwa hivyo mwaka na nusu haiishi kabla stima haijafika bei ya seva yenyewe. Na kuna kitu watu hawaangalii, bei ya unit inafuata wastani wa matumizi yako, ukivuka unit 100 kwa mwezi unapandishwa bei ya juu, kwa hivyo hata taa na friji zako zinaanza kuwa ghali kwa sababu ya hiyo seva.

Kwa kazi umetaja mimi ningechukua kale kakompyuta kadogo ka ofisi, Lenovo ThinkCentre M720q ama OptiPlex 3060 Micro yenye i5-8500T, ziko nyingi zile za kutoka Uingereza. Inabeba RAM 32, ikitulia inakula wati 10 mpaka 15 tu, yaani kama unit 10 kwa mwezi, na haina kelele, mtoto hatajua kama iko. Halafu prosesa yake ina sehemu ya kushughulikia picha na video (GPU) ndani, hiyo Xeon haina, kwa hivyo kama utataka video zichezwe kwa simu na TV za nyumbani hako kadogo kanabadilisha fomati bila kusumbuka.

dada_seva_kk:
Hesabu ya stima ni sawa kabisa lakini naomba nipinge kidogo. Huyu ndugu anasema anajifunza seva. Hako kadogo hakana iDRAC (ya Dell ya kusimamia seva ukiwa mbali), hakana RAID ya kadi (inaunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki), hakana pawa saplai mbili, na ukienda kufanya kazi kwa chumba cha seva hivyo ndivyo vitu utakutana navyo siku ya kwanza. Mimi hapa Kakamega napokea vijana wa attachment wanajua Linux vizuri lakini diski ikiwaka taa ya njano hawajui waanzie wapi. Kujifunza kutoa diski ikiwa mashini inatembea na kuona RAID ikijijenga upya, hiyo lazima uishike na mkono. Na si lazima iwake usiku na mchana, unawasha ukitaka kusoma, unazima ukimaliza.

Ila usitume pesa ovyo. Muombe namba ya sevisi tagi uangalie kwa tovuti ya Dell ilitoka kiwandani na nini. Iwe na trei za diski zote, wengi huuza mashini wakabaki na trei, kuzitafuta baadaye ni shida. Nenosiri la iDRAC lirudishwe la kiwanda, root na calvin, ukishaipata ulibadilishe mara moja. Uliza kadi ya RAID ni gani, kama ni PERC H710 jua haitoi diski moja moja kwa ZFS (mfumo wa kuhifadhi data unaotaka kusimamia diski wenyewe) kama ilivyo, utumie RAID yake yenyewe. Hizo SAS za 300 ni za zamani na zinakula stima, weka SSD mbili za SATA, zile za kompyuta ya kawaida, kadi inazikubali bila neno, lakini hizo SAS zenyewe hazitaingia kwa kompyuta ya kawaida kwa hivyo usizihesabu kama mali.

dunga_pwani:
Mimi niko hapa hapa Kisumu wacha niongee juu ya radi na joto. Ukisikia ngurumo toa waya wa stima NA waya wa netiweki, watu wanasahau huo wa pili na radi inapita nao vizuri tu. UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika) ndogo ya duka ya 650VA usitegemee, pawa saplai za seva nyingi hazipendi umeme wa hizo UPS za bei rahisi, stima ikikatika mashini inazima pamoja na taa, tafuta ile inatoa sine wevu safi, yaani umeme laini kama wa KPLC.

Kelele sasa, R720 ukiiwasha feni zinapiga kama posho mill kwa muda kidogo halafu zinatulia. Lakini kwa joto la huku, mwezi wa pili, chumba kimefungwa, hazitulii sana, na ukichomeka kadi isiyo ya Dell zinaweza kupanda zikae juu. R620 hata usijaribu, ni nyembamba na feni zake ndogo zinapiga filimbi. Kama unataka seva kamili tafuta ya kusimama, PowerEdge T320, prosesa moja, iDRAC iko, RAID iko, na unaweza kulala nayo chumba kimoja.

kondele_juu:
Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Hiyo ya kuvuka unit 100 sikuwa naijua na sisi tuko kama 50 kwa mwezi. Kwa hivyo picha za familia naweka kwa kadogo, hako kanaweza kuwaka siku zote. Ya kusomea nimemuuliza jamaa kama ana T320, anasema hana lakini ana HP ML350p Gen8 kwa bei karibu na hiyo. @dada_seva_kk unasemaje?

dada_seva_kk:
ML350p ni mashini nzuri, iLO yake, ndiyo iDRAC ya HP, utaisoma vizuri tu. Shida ni apdeti za BIOS (programu ya msingi inayowasha mashini), Dell unashusha bure lakini HP tangu 2014 walizifungia wenye mkataba au waranti, kwa hivyo mwambie akutumie picha ya toleo la BIOS liko sasa. Kama si ya zamani sana chukua. Na isiwe imewekwa prosesa mbili, ikiwa nazo itoe moja, utapunguza wati, jua tu nusu ya nafasi za RAM zitakufa nayo kwa hivyo sogeza RAM upande uliobaki.

section58_nax:
Na picha za familia uwe na nakala ingine kwa diski ya nje inayokaa nyumba tofauti, hata kwa mzazi. RAID haitakusaidia mwizi akibeba mashini.

dunga_pwani:
Akiituma na basi mwambie atoe diski zote azifunge kando na sponji, aandike namba ya kila moja na nafasi yake. Hizo mashini ni nzito na watu wa buti hawazibembelezi.