Ofa ya ufadhili wa riadha katika chuo cha Marekani yenye pengo la dola 16,000: niishike, au nifuate njia ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na mkopo?

Binti wa Kibirizi

Wakubwa zangu shikamoni, na wenzangu nawasalimu. Nipo Kidato cha Sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), katika shule ya serikali hapa Tabora. Nyumbani ni Kibirizi, Kigoma. Ninakimbia mita 1,500 na mita 5,000. Muda wangu bora wa mita 1,500 ni dakika 4 na sekunde 36, uliopimwa kwa saa ya mkononi kwenye uwanja wa nyasi wakati wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Mwaka jana kaka mmoja aliyepata kusoma Marekani alinisaidia kuwaandikia makocha wa vyuo mbalimbali, tukawatumia video na matokeo yangu ya Kidato cha Nne, na sasa chuo kimoja cha Daraja la Pili la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kimeniletea ofa.

Gharama zote kwa mwaka, yaani ada, chumba, chakula na bima ya afya, ni dola 38,000. Kocha anatoa dola 14,000 za michezo, na ofisi ya udahili imeongeza dola 8,000 kwa sababu ya ufaulu, kwa hiyo zinabaki dola 16,000 kila mwaka. Anataka jibu kabla ya mtihani wa Mei. Baba ni mvuvi wa dagaa, mama anaanika na kuuza pale mwaloni, na hakuna kati yao mwenye hati ya mshahara. Ninataka kuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Walimu wananikadiria B moja na C mbili.

Naomba kujua kama nina nafasi ya kupata ofa nzuri kuliko hii, kama pengo hilo huwa linazibika, na kama nikibaki nyumbani kukimbia kwangu kutanisaidia chochote kwenye udahili au mkopo. Baba amesema yuko tayari kuuza injini ya boti. Nisingependa auze kabla sijaelewa ninachokwenda kukubali.

Mwalimu wa Michezo, Ipuli

Marahaba binti. Nianze na la injini: isiuzwe. Injini ni mtaji, na bei yake haitatosha hata muhula wa kwanza.

Sasa mbio. Muda wa 4:36 kwenye nyasi ni mzuri, na aliyekuona kwenye video ameona hivyo, lakini vikosi vyenye nguvu vya Daraja la Kwanza hutafuta wasichana walio karibu na 4:20, tena kwa muda uliopatikana kwenye tartani, yaani njia ya mpira ya kukimbilia, na kuandikwa katika matokeo ya mashindano yanayotambulika. Saa ya mwalimu, hata ikiwa sahihi kabisa, kwao ni maelezo tu. Ukipata nafasi ya kukimbia mashindano ya Riadha Tanzania kwenye uwanja wa tartani kama ule wa Benjamin Mkapa, na ukashuka hadi 4:28 au chini yake, mazungumzo yako na makocha yatabadilika. Usipopata nafasi hiyo, sioni sababu ya wao kupandisha dau.

Usione pia kwamba dola 14,000 ni dharau. Katika Daraja la Pili chuo kinaruhusiwa ufadhili unaolingana na wanafunzi 12.6 tu kwa riadha na mbio za nyika za wanawake, na kocha huukata vipande ili apate kikosi kizima, kuanzia warusha mkuki hadi wakimbiaji wa mita 10,000. Huku kwetu watu wakikumbuka jinsi Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga walivyokwenda kukimbilia Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, huamini kwamba kila anayeitwa na chuo hulipiwa kila kitu. Nyambui alirudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya 1980, na kabla na baada ya hapo alikuwa akishinda ubingwa wa vyuo vya Marekani. Huyo ndiye mtu ambaye kocha humkabidhi fungu zima.

Niliyesomea Ohio

Namuunga mkono Mwalimu, nami niongeze upande wa fedha, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tulikoumia.

Mdogo wangu, dola 16,000 kwa miaka minne ni dola 64,000. Hata tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni milioni 40 kila mwaka na milioni 160 hadi kuhitimu. Usidanganywe kwamba utafanya kazi na kuziba pengo. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wakati wa msimu NCAA inamruhusu kocha kukuchukua hadi saa 20 kwa wiki za mazoezi na mashindano. Ukijumlisha na maabara za sayansi utajua mwenyewe muda wa kulala unabaki kiasi gani. Zaidi ya hayo, chuo hakitoi hati ya I-20, ambayo ndiyo unaombea viza ya mwanafunzi, mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zipo, na mshahara ambao hujaanza kuupata hauhesabiwi.

Kuna jambo ambalo kocha hatakwambia, si kwa ubaya bali kwa sababu si kazi yake. Sehemu ya ufadhili inayolipia ada na vitabu haitozwi kodi, lakini inayolipia chumba na chakula hutozwa, na mwanafunzi mgeni hukatwa asilimia 14. Kwa ofa uliyo nayo huenda yote ikaishia kwenye ada na kodi isikuguse. Ikiongezwa hadi kufikia malazi, itakugusa, na utadaiwa fedha taslimu usizowahi kuzishika mkononi.

Soma pia muda wa ufadhili. Wengi wa Daraja la Pili hupewa mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa, na kocha anaweza kuhama chuo mwakani.

Kwa maoni yangu ulikuwa unagonga mlango usio wako. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi hata senti kwa ajili ya michezo, na vya Ivy League, kundi la vyuo vikuu vinane vikongwe vya Marekani, pia havitoi, lakini baadhi yake vina fedha nyingi za kusaidia kulingana na hali ya familia. Amherst, Bowdoin na MIT, ambavyo viko Daraja la Tatu, pamoja na Harvard, Yale, Princeton na Dartmouth, hupokea mwombaji wa nchi yoyote bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, na akikubaliwa hufidia pengo lote. Mtoto wa mvuvi wa Kibirizi hulipa kidogo sana huko, au halipi kabisa. Tatizo ni kuingia: waombaji tisa kati ya kumi, au zaidi, hukataliwa, na kwa B moja na C mbili sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kocha wa vyuo hivi anaweza kuiomba ofisi ya udahili isome matokeo yako mapema na kumwambia kama kuna matumaini. Kumuuliza hilo ni bure.

Mama Ujiji

Mwanangu, mimi nina watoto wawili waliosoma kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, kwa hiyo nijibu swali lako la mwisho, ambalo naona limepitwa. Kukimbia hakutakuongezea alama yoyote. TCU inaangalia ufaulu tu: B ni alama 4, C ni alama 3, kwa hiyo kwa makadirio ya walimu wako una alama 10 kwa masomo matatu, na si haba. Bodi ya mikopo nayo inaangalia uhitaji wa familia. Ufadhili wa Samia ni wa waliofaulu zaidi katika sayansi, usiuwekee hesabu.

Kazi kubwa ni nyaraka, na uzianze sasa kabla hujaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), maana wakati wa dirisha la maombi utakuwa kambini na simu iko mbali. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Majina ya cheti, ya matokeo ya Kidato cha Nne na ya kitambulisho cha mdhamini yasipishane hata herufi. Mwanangu wa kwanza alisumbuka kwa sababu ya Rashidi na Rashid. Kuhusu kipato cha baba, nenda kwa Mtendaji wa Kata na maelezo yanayoeleweka: kwamba ni mvuvi, kwamba siku za mbalamwezi hakuna dagaa, na kwamba mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti nyumba haikuwa na kipato cha uvuvi. Barua ya aina hiyo itakufaa pia kwenye fomu za Marekani ambazo huuliza mapato ya wazazi kana kwamba kila mtu analipwa mwisho wa mwezi.

Mkopo hurejeshwa kwa asilimia 15 ya mshahara. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, nayo hubana, lakini mtu anasoma.

Binti wa Kibirizi

Asanteni sana. Nimemsomea baba kwa simu, naye amekubali injini ibaki. Sasa nimefikiria hivi: je, nikianza fiziotherapia hapa nchini kwa mkopo, huku nikiendelea kushusha muda wangu, siwezi kuhamia Marekani baada ya mwaka mmoja au miwili nikiwa na ofa kubwa zaidi?

Fiziotherapia Kigoma

Inawezekana kwa maandishi, lakini kuna gharama tatu ambazo naona hazijasemwa.

Ya kwanza ni ya NCAA. Ukijiandikisha masomo ya muda wote katika chuo chochote duniani, hata kama hujakimbia hata mbio moja, saa yako inaanza kuhesabu. Katika Daraja la Pili una mihula kumi ya masomo ya muda wote kutumia misimu yako minne. Utakuwa pia mwanafunzi wa kuhamia, na vyuo vingi vyenye fedha nyingi huwapa wageni wanaohamia nafasi chache kuliko wanaoanza.

Ya pili inahusu fani yenyewe, na ninashangaa kwamba hakuna aliyeigusa. Hapa Tanzania shahada ya kwanza ya fiziotherapia, kwa mfano ile ya KCMC Moshi, ndiyo inayokufikisha kazini baada ya mafunzo kwa vitendo. Marekani haifanyi hivyo. Kule shahada ya kwanza ni maandalizi tu. Fiziotherapia husomwa baadaye kama shahada ya udaktari, kwa kawaida miaka mitatu zaidi, na ufadhili wa kukimbia huwa umekwisha. Kwa hiyo ukitumia dola 64,000 za pengo utarudi na shahada ya biolojia au ya sayansi ya mazoezi ya mwili, na kwa fani unayoitaka utakuwa bado mlangoni.

Ya tatu ni viza. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza za matembezi na za wanafunzi, zikiwemo za aina ya F ambazo ndizo ungetumia. Masharti ya namna hii hubadilika, kwa hiyo ufuatilie taarifa za ubalozi wenyewe na usisikilize wakala. Lakini usilipe amana ya chuo wala ada yoyote isiyorudishwa wakati mlango huo umefungwa.

Kama ni mimi, ningeomba TCU na HESLB kwa nguvu zote, nikaitazama Marekani kama jambo la shahada ya pili.

Niliyesomea Ohio

Ndugu yangu hapo juu amenizidi. La udaktari wa fiziotherapia sikulikumbuka kabisa. Nabaki na tofauti moja tu: asimkatae kocha, amwombe ahirisho. Mwalimu, unaweza kumsaidia kuandika?

Mwalimu wa Michezo, Ipuli

Nitamsaidia. Binti, barua iwe fupi. Mshukuru kocha, mweleze wazi kwamba familia haiwezi kulipa dola 16,000 na kwamba viza za wanafunzi kwa Watanzania zimesimamishwa, kisha muulize mambo haya kwa maandishi: kama ofa inaweza kusubiri hadi mwaka unaofuata, kama kuna fedha nyingine za chuo zinazoweza kujumlishwa na za michezo, ufadhili wake unadumu mwaka mmoja au zaidi, na kama mashindano utakayokimbia baada ya kumaliza Kidato cha Sita yatakupunguzia msimu. Hilo la mwisho lisubiri jibu lake kabla hujajiandikisha kwenye mbio zozote za barabarani baada ya mtihani, hata zile za mtaani zenye zawadi ya fedha. Iandike Jumamosi baada ya mazoezi, uniletee niisome kabla haijaenda.

Binti wa Kibirizi

Nitaileta, Mwalimu. Cheti cha kuzaliwa nacho mama ameshakitoa sandukuni. Jina la baba limeandikwa kwa "y" badala ya "i", kwa hiyo Jumatatu anaenda kuulizia marekebisho.