Kadi ya mtandao inakata kwenye seva ya Proxmox: nichukue I350, adapta ya USB, au tubadili mashine nzima?

Chemchem_TZ
Wakuu, habari za jioni. Nina seva ndogo ya Proxmox (mfumo wa kuendesha kompyuta pepe nyingi, yaani VM, ndani ya mashine moja) hapa ofisini, niko Dar, sisi ni watu wa kusafirisha mizigo. Kadi ya mtandao inakata ovyo. Ikikata, VM zote zinapotea kwa mpigo: mfumo wa stoo, faili za wahasibu, kila kitu. Nikichomeka skrini nakuta mashine iko hai, ila haioni hata rauta. Nikiizima na kuiwasha, mambo yanarudi. Bosi amekubali kutoa hela na anataka jibu kesho asubuhi. Nachagua kati ya hivi: kadi ya mtumba ya Intel I350 yenye milango miwili, nimetajiwa laki na ishirini, adapta ya USB, hii ni bei chee, au tuachane na hiki kimashine tuchukue seva kamili iliyotumika. Naomba kuwasilisha.

FundiKebo
Mkuu, umetaja bei za dawa, ugonjwa hujautaja. Chipu gani iko humo sasa hivi? Inakata saa ngapi? Imechomekwa kwenye swichi ya aina gani? Kebo je? Mtaani zimejaa kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na ukiibana kichwa vibaya mguso unalegea. Badili kebo kwanza.

Nyundo
I350 bila kuuliza. Inatumia draiva (programu ya kuendesha kadi) ya igb, imekaa kwenye kerneli, kiini cha Linux, miaka na miaka, haina maneno. Ila kaa mbali na zile "mpya" za bei ya kutupa, feki ni nyingi mno. Tafuta iliyong'olewa kwenye seva ya Dell au HP.

kijana_wa_Ilala
Mbona hakuna anayesema ukweli? Hamia ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha VM. Proxmox ni ya kujifunzia nyumbani.

BiShadya
Chemchem, usitoe hata senti kabla ya kutoa logi, kumbukumbu za mashine. Andika `journalctl -k -b -1`, hiyo inakuonyesha kerneli ilisema nini kabla hujazima. Unatafuta moja kati ya mambo mawili. Ukikuta "NIC Link is Down", basi waya wenyewe umepotea: kebo, mlango wa swichi, au ule mpangilio wa kuokoa umeme wa EEE. Ukikuta "Detected Hardware Unit Hang", waya ni mzima, chipu ndiyo imeganda. Hayo ni magonjwa tofauti na kila moja lina tiba yake. Halafu jibu swali la FundiKebo la saa.

Chemchem_TZ
Samahanini wakuu, nilikuwa kwa mteja. Logi hii hapa, inajirudia ukurasa mzima:

`e1000e 0000:00:1f.6 eno1: Detected Hardware Unit Hang`
`e1000e 0000:00:1f.6 eno1: Reset adapter unexpectedly`

Chipu ni I219-LM, ya kwenye ubao. Saa: mara nyingi usiku, asubuhi wafanyakazi wakifika wanakuta hakuna mtandao.

BiShadya
Usiku unaendesha nini? Bakapu?

Chemchem_TZ
Ndiyo, bakapu za VM zote kwenda kwenye NAS (hifadhi ya faili kwenye mtandao wa ofisi), saa nane usiku.

BiShadya
Basi tumefika. Hili la I219 na draiva ya e1000e linajulikana, watumiaji wa Proxmox wamelijadili miaka mingi. Kwa kawaida prosesa haikati data yenyewe vipande vidogo. Inaikabidhi kadi bonge linaloweza kufika kilobaiti 64, kadi ndiyo inakata pakiti za baiti 1500 hivi na kuzisukuma. Kazi hiyo inaitwa TSO. Kwenye chipu hizi, mzigo ukiwa mkubwa na wa mfululizo, kama bakapu yako, foleni ya kutuma inaweza kusimama kabisa. Mchana watu wanafungua vifaili vidogo ndiyo maana inavumilia.

Zima kazi hiyo, na mwenzake GSO, uiache kwa prosesa:

`ethtool -K eno1 tso off gso off`

Kwa mlango wa gigabiti moja prosesa ya miaka hii haitahisi kitu. Ila amri hiyo inafutika ukiwasha upya. Fungua `/etc/network/interfaces`, chini ya `iface eno1 inet manual` ongeza:

`post-up /usr/sbin/ethtool -K eno1 tso off gso off`

Weka kwenye eno1, mlango wenyewe, usiweke kwenye vmbr0, daraja linalounga VM na mlango huo. Kisha usisubiri saa nane, anzisha bakapu kwa mkono ukiwa umekaa hapo hapo.

Nyundo
Dada Shadya, hiyo ni bandeji. Bosi keshatoa hela! Anunue I350 alale usingizi. Kesho akisasisha kerneli tabia ikibadilika ataanza upya.

FundiKebo
Na kebo abadili pia.

Makupa
Ndugu zangu, nipo Mombasa. Kuhusu ile adapta ya USB, nawasihi msimshauri mtu kuiweka kwenye seva ya kazi. Nilihudumia duka la dawa la jumla, mashine yao ilikuwa na mlango mmoja tu, wakaongeza adapta ya USB na kuiunga kwenye vmbr0. Ilifanya kazi vizuri sana mwanzoni. Kisha jioni moja, duka limejaa, mfumo wa mauzo ukakata. Nafika, taa ya kijani kwenye adapta inawaka, ya njano inapepesa, kwenye swichi vilevile. Mtu yeyote angesema mtandao uko sawa. Nikaandika `bridge link`: vmbr0 haina mguu hata mmoja. Adapta ilijikata kwa nukta chache, ikarudi, kerneli ikaipokea kama kifaa kipya, na daraja halikuichukua tena. Nikairudisha kwa mkono, ikakaa kidogo, ikarudia yale yale, na mwenye duka amesimama nyuma yangu anaandika risiti kwa kalamu. Tulizima usingizi wa USB, tukahamisha tundu, tukabadili adapta. Ilipungua, haikukoma. Kwa kompyuta ya mezani sawa, kwa seva hapana.

kijana_wa_Ilala
Kwenye ESXi msingehangaika hivi.

Makupa
Kwenye ESXi mlango wa chipu ya Realtek hata hauonekani, draiva yake haiji nayo. Na toleo la 7.0 la 2020 liliacha zile draiva za zamani za Linux, kadi nyingi zikabaki nje.

BiShadya
Na watu wa bajeti ndogo wamekosa imani. Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, Februari 2024 toleo la bure likaondolewa, Aprili 2025 likarudishwa. Mimi sipangi ofisi ya mtu juu ya mlango unaofungwa na kufunguliwa.

kijana_wa_Ilala
Limerudi lakini. Na benki zinatumia nini?

Nyundo
Benki zina I350 😀 Chemchem, mashine yako ni ya umbo gani? Ile nyembamba inataka kadi yenye kibanio kifupi, hakikisha kabla hujalipa.

Chemchem_TZ
Ni ile ndogo kabisa mkuu, kama kitabu kinene, inafungwa nyuma ya skrini.

Nyundo
Aisee! Hiyo haina tundu la kadi kabisa. Ungelipa laki na ishirini ukabaki nayo mkononi. Afadhali utafute Lenovo M920q, ni ndogo hivyo hivyo lakini inapokea kibao cha kuongezea tundu, I350 inakaa ndani.

BiShadya
Kuna na kadi za M.2 zinazokaa kwenye nafasi ya waifai, zinatoa mlango kwa utepe mwembamba nyuma. Angalia ufunguo wa tundu (umbo la mkato wake), A+E, na ujue biosi za mashine nyingine zinakataa kadi zisizozifahamu.

Chemchem_TZ
Nimeweka ile post-up. Bakapu ya mkono imeisha, logi iko kimya. Naiachia ya usiku. Bosi nimwambie nini kuhusu hela?

FundiKebo
UPS. Na kebo.

Nyundo
M920q na I350. Usiache hela irudi kwa mhasibu.

Makupa
Mngoje wiki ipite kwanza. BiShadya, hiyo ya M.2 ina chipu gani? Nina kimashine cha aina hiyo hiyo huku.

BiShadya
Niliyonayo ni RTL8125 ya Realtek, gigabiti mbili na nusu. Kwa Proxmox imetulia, ila kifuniko cha nyuma nilikichonga kidogo ili mlango utokeze. Yako ina tundu wazi nyuma, pale inapokaa VGA?