Fulu marathoni ya kwanza Moshi mimi na kaka yangu, tukimbie pamoja mwanzo mwisho au kila mtu na mwendo wake?

binti_goba:
Habari za humu wapendwa, naomba mawazo hasa kwa mlioshakimbia ile fulu ya kilomita 42 ya Kilimanjaro. Mimi na kaka yangu tumejiandikisha fulu ya Februari, wote mara ya kwanza, huko nyuma tumeishia 21. Wazo ni lake, tangu Mtanzania mwenzetu Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, ile ya kufukuzana na Mjerumani mpaka wakaandikiwa muda mmoja, bro hatulii kabisa. Sasa yeye ana miguu mirefu, anakimbia kilomita kwa dakika 6 huku anaongea, mimi nikiwa vizuri ni 7. Jumamosi tukitoka Barabara ya Bagamoyo naanza kwa kumfuata, tukifika kama kilomita 15 pumzi ipo ila mapaja yamekaza, yeye anarudi kunifata, ananizunguka, twende mdogo wangu twende, na mimi naumia kumuona anasubiri. Tumelelewa wawili tu kwa bibi, kila jambo kubwa tumelifanya pamoja, kwahiyo natamani sana tuingie uwanjani wote, lakini pia sitaki nimharibie mbio yake. Nyie mlifanyaje?

wa_soweto_moshi:
Dada karibu sana Moshi. Kabla ya kuamua ijueni njia kwanza maana njia yenyewe ndo itawaamulia. Mnatoka uwanja wa Ushirika, nusu ya kwanza mnashika barabara ya Dar, mnageuza, mnarudi, kote huko ni tambarare tambarare na asubuhi bado kuna ubaridi, hapo kila mtu anajiona bingwa. Sasa mkirudi mjini mna 21 miguuni ndo mnaanza kupanda kwenda Mweka, na huo mlima haukupi nafasi ya kupumua mpaka kwenye kilomita 32 hivi, jua limeshatoka, na jua la Moshi mwezi wa pili sio la mchezo. Halafu mnashuka. Watu wanadhani kushuka ni ahueni, paja likishachoka kushuka kunauma kuliko kupanda, we subiri utaniambia.

Kwahiyo ushauri wangu wewe mdogo ndo utangulie tangu bunduki inalia, bro awe nyuma yako hatua moja. Akikaa mbele hata akisema anapunguza, utamkimbiza bila kujijua. Na hiyo dakika 7 yako isahau kwa siku ile, 7 mwanzo mwisho ni masaa 4 na dakika 55, lakini mlima utakula. Jipangieni 8, ni masaa matano na nusu na ushee, mkipata nzuri zaidi mshukuruni Mungu.

kocha_wa_asubuhi:
Mimi hapo kwenye kuongozana mwanzo mwisho natofautiana na mkuu wa juu. Mtu wa dakika 6 kumkimbiza kwa 8 sio kumpumzisha, unamuongezea zaidi ya saa nzima juani, hatua zinakuwa fupi kuliko alivyozoea, magoti na nyonga vinaanza kulalamika. Na undugu hauna uhusiano na miguu. Marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016 kulikuwa na mapacha watatu wa Estonia, akina Luik, damu moja na mazoezi yao pamoja, wamefika siku ya siku mmoja wa 97, mwingine wa 114, wa tatu hakumaliza. Sembuse nyie mliopishana kimo. Kimbieni wote ile nusu ya tambarare, mpige stori, mkifika chini ya Mweka mpeane mikono kila mtu apande na mwili wake, mkutane uwanjani.

mama_wawili_arusha:
Kocha kasema kweli kimazoezi ila dada hajaulizia muda mzuri, kaulizia kuingia uwanjani na kaka yake. Mimi fulu yangu ya kwanza nilikimbia na mdogo wangu wa kiume, yeye ndo mwenye kasi, na kilichotusaidia ni kuongea mapema nyumbani, sio barabarani mtu ana hasira na njaa. Tulikubaliana hivi, anayechoka ndo anapanga mwendo na mwenzie haruhusiwi kusema jitahidi. Tulitembea kila kituo cha maji, hata tulivyokuwa na nguvu, nikawa natafuna tende maana kuanzia 30 kwenda mbele sukari mwilini inaisha na kichwa kinakuwa kizito. Kuna sehemu ya kupanda nilikata kabisa, akanyamaza, akaniwekea tu mkono mgongoni akawa anatembea pembeni yangu. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono machozi yananilenga. Mtu akiumia kweli tulishakubaliana mwingine amalize, hilo nalo lisemeni mapema. Na mjipake mafuta ya mgando kwapani na mapajani, raba mpya usije nazo.

binti_goba:
Asanteni sana, Mungu awabariki, nimemsomea bro yote. Kasema muda mzuri atautafuta mwaka mwingine peke yake, hii ni yetu, na kaikubali sharti la kutosema jitahidi, japo najua litamtesa. Jumamosi hii natangulia mimi tuone. Swali la mwisho, huku Dar mlima wa kufanania na Mweka tunaupata wapi?

kocha_wa_asubuhi:
Haya, kama bro karidhia mwenyewe sina neno. Urefu ule hamtaupata, ila nendeni Pugu mpande kuelekea Kisarawe, na hapo hapo kwenu Goba kuna vilima vya kutosha, rudieni kimoja mara nyingi, na kushuka mkufanyie mazoezi kama kupanda. Wiki tatu za mwisho punguzeni umbali, msije Moshi na miguu iliyochoka.

wa_soweto_moshi:
Nitakuwa Ijumaa na Jumamosi napitapita uwanjani, mkifika niulizieni humu niwaonyeshe wapi mlima unaanzia.