Ujazo wa ndoo: nikitumia wastani wa nusu kipenyo jibu linapungua, kwa nini?

Swali
Habari wadau, naombeni msaada hili swali limenikaa kichwani toka jana. Ndoo, juu pana chini nyembamba, nusu kipenyo cha mdomo sm 15, cha kitako sm 10, kimo sm 30. Nikaona sio mcheduara basi nikachukua wastani, 12.5, nikapiga pai mara 12.5 mara 12.5 mara 30 nikapata kama 14,726, yani lita 14.7. Majibu yanasema 14,923. Najua tofauti ni ndogo ila nimerudia mara tatu na haitoki. Nakosea wapi?

Jibu
Kuzidisha hujakosea mkuu, shida ni huo wastani. Ujazo unafuata kipeo cha pili cha nusu kipenyo, kwa hiyo upana wa juu unaongeza mengi kuliko wembamba wa chini unavyopunguza. Ila usikimbilie wastani wa maeneo, hiyo nayo inazidisha, utapata 15,315.
Fanya hivi: chukulia ndoo ni pia (yani koni) iliyokatwa ncha. Irefushe chini mpaka ifunge. Nusu kipenyo kinapungua sm 5 kila sm 30, kwa hiyo kutoka 15 mpaka 0 ni sm 90, na ncha iliyokatwa ni sm 60. Theluthi ya pai mara (225 × 90 toa 100 × 60) unapata 4,750 pai, ndo hiyo 14,923.

Jibu
Njia ya mkato: pai mara kimo gawa kwa 3, mara (R² + Rr + r²), R ni nusu kipenyo cha mdomo, r ni cha kitako. Hapa ni 225 + 150 + 100 = 475. Wengi wanasahau hiyo Rr ya katikati. Na hii sio hesabu ya juzi, kuna mafunjo ya Misri ya kale, yaliyoko Moscow, yana umri wa karibu miaka 3,800, wamekokotoa piramidi iliyokatwa, kitako 4, juu 2, kimo 6, wakapata 56 na ni sahihi kabisa. Mimi kila nikifundisha hii naanzia hapo, wanafunzi wanaamka.

Jibu
Kama unapima ndoo ya kweli angalia usilaze futi kamba ubavuni ukasema ni kimo, ubavu ni mshazari, hapo utasoma 30.4. Simamisha rula wima ndani. Na nusu kipenyo usikikisie kwa jicho, zungusha kamba upate mzingo halafu gawa kwa (2 × pai).

Muuliza swali
Aisee nimeelewa, ahsanteni sana. Nimejaribu na nusu ya kimo, sm 15 kutoka chini, nimepata lita 6 tu kasoro kidogo! Mi nilidhani nusu ya kimo ni nusu ya maji. Sasa nusu ya ujazo inafika wapi?

Jibu
Koni zinazofanana ujazo wake unakwenda kwa kipeo cha tatu. 10 ni 1,000, 15 ni 3,375, katikati yake 2,187.5, kipeuo chake cha tatu ni kama 12.98. Umeongeza 2.98 juu ya 10, na kila 1 ni sm 6 za kimo, kwa hiyo piga alama kwenye sm 17.9.